Shikamoo ya Kwenye Kompyuta

Pongwe, Alhamisi usiku

Kampuni ya Ulaya tangu lini ikaniamkia shikamoo?

Leo mjini, kwenye lile duka jipya la intaneti, nilikuta barua pepe: "Shikamoo mama. Sisi ndio wenye sanduku lako la barua. Limo hatarini, tutumie neno la siri tulilinde." Mjinga mie, nikalainika. Nikajibu marahaba, na neno nikalitoa.

Sasa ndipo akili inanijia. Wazungu wale wangejuaje kama mimi ni mtu mzima? Huyu ananijua, na huku anwani yangu wanaijua wale wa dukani tu, walionifungulia sanduku. Na barua zote za mwanangu Salim, aliyeko Maskati, zimo humo. Akimwandikia kwa jina langu...

Kesho narudi kulibadilisha neno, kama sijafungiwa. Wote pale dukani wataniamkia. Na mmoja wao, sijui yupi, nitamwitikia marahaba kwa mara ya pili.