Uzi Unanisumbua na Watoto ni Wawili

Mami,

Malizia blanketi ya mtoto wa Danson, tafadhali. Nilitoa mguu wa cherehani, ule wa kubana kitambaa, ndio nizungushe kitambaa na mkono, nishone maua. Uzi ukajaa chini kama kiota! Asubuhi yote nimekaza skrubu ya chini, kumbe taabu iko juu: hata kama mguu hauko, lazima ushushe kile kishikio chake, ndio uzi wa juu ukazike. Sasa ile skrubu niliyoikaza nilegeze kiasi gani? Sijui. Jaribu wewe.

Danson amekuja mbio, bibi yake amezaa. Wawili, Mami! Na blanketi ni moja! Kichwa yangu inazunguka. Nimeenda naye hospitali.

~~Ikate katikati.~~ Usikate! Shona ingine. Tumia gauni yangu ya bluu ya koleji, lakini kata haraka, kabla sijarudi nikaihurumia.

Shangazi wa wawili,
Nyathira