Hodi ya Upande wa Migomba

Prisca,

Fomu ya chuo imeshaondoka, lakini usibweteke. Kapige fotokopi vyeti vyako mjini, ~~kisha ukachungulie sanduku la posta la kanisa~~ hapana, hilo nitapitia mwenyewe. Vaa lile koti la mitumba, na urudi kabla ukungu haujashuka.

Asubuhi nakoka moto, nikasikia hodi mlango wa nyuma, upande wa migomba alikozikwa baba yako. Nikaitikia "karibu" kabla sijaona uso. Mimi, niliyekukanya tangu utotoni usimwitikie usiyemwona! Sauti kama ya baba yako ikauliza, "Daktari wangu amejibiwa na chuo?" Nikasema bado. Nilipofungua, ukungu mtupu, na umande kwenye majani haujakanyagwa.

Mimi uliniambia umeomba ualimu.

Nimekwenda Kyimo kumweleza baba yako mkubwa. Ndizi zimo sufuriani.

Kama ulikwenda kaburini ukamwambia yeye kabla yangu, nitanuna, yatakwisha. Kama hukumwambia mtu yeyote, beba ndizi zako ukalale kwa shangazi Jenifer. Hodi ya nyuma usiiitikie, hata ukisikia sauti yangu. Mimi nitaingia kwa mbele.

Mama