Winga Tuliyewaazima Watu wa Mkonge

Mdogo wangu Takeo,

Jumamosi nilikuwa Same mjini kwa mwanangu, wanaangalia mpira wa Uingereza. Kwenye benchi alikaa kijana wa Kijapani, koti limefungwa hadi kidevuni, na mtangazaji akasema yuko pale kwa mkopo. Wajukuu walikuwa wakibishana juu ya bao. Mimi nilikuwa namtazama yule kijana tu, nikakukumbuka mpaka nikatoka sebuleni wasinione ninavyolia.

Sijui kama uko hai. Naandika hivyo hivyo, wenye kusoma wasome, labda mmoja wao anakufahamu.

Ulikuja toka Japani hadi Vudee, kijijini kwetu huku milimani, kufundisha vijana useremala, miaka ile sukari na sabuni zilikuwa vitu vya kusimuliana. Ulipewa chumba nyumbani kwetu, na mama akakuita mwanawe kabla hujaweza kutamka jina lake. Ulikuwa unawaamkia shikamoo hata watoto wa shule, nao wanaitikia marahaba bila haya, hadi baba alipowakemea. Makande ya mama uliyala kwanza kwa adabu. Baadaye ukawa unakwangua chungu.

Halafu mpira. Siku ya kwanza ulipocheza kwenye kile kiwanja chetu cha mteremko, baba, aliyekuwa mwenyekiti wa timu ya kijiji, alisimama kutoka kwenye kigoda chake na hakukaa tena. Winga wa kushoto, mwembamba, mabeki wanakukosa huku wanakuona. Nilikuuliza kama kwenu ulikuwa mchezaji maarufu. Ulicheka. "Dada, kwetu nilikuwa wa benchi."

Sifa zako zikashuka hadi tambarare. Shamba la mkonge kule lilikuwa na timu kwenye ligi, na meneja wake akapanda mlima mwenyewe kuonana na baba. Mabomba ya maji ya kijiji chetu yalikuwa yamelala ghalani Same, kwa kuwa hatukuwa na lori wala dizeli ya kuyapandisha. Meneja alikuwa navyo vyote viwili. "Niazimeni huyu Mjapani mpaka ligi iishe," alisema, "ikiisha tu, mabomba nitawapandishia."

Baba alikuita mbele ya wazee akakueleza. "Kumbe naazimwa kama jembe," ulisema. Wote tukacheka, na kesho yake ukashuka na begi lako.

Mimi na mama tulipokuletea ndizi kule kambini, tulikukuta umekonda. Ndipo ukatuambia habari za Komba. Alikuwa mtu wa Songea, winga wao wa kushoto kabla yako. Wachezaji pale walipewa kazi nyepesi kiwandani. Ulipovaa jezi yake, Komba alirudishwa shambani kukata mkonge, na kifua chake kilikuwa kibovu. Tena zilikuwa zimeanza habari kwamba shamba litauzwa na watu watapunguzwa. Kila mtu alijua wataanza na wakataji wasiofikisha kipimo.

"Ukuta wetu ni mmoja," ulisema. "Namsikia anavyokohoa. Asubuhi ananisalimia vizuri. Afadhali angenitukana."

Mama aligawa zile ndizi mafungu mawili. "Fungu hili mpelekee," akasema.

Mechi ya mwisho ya ligi kijiji kizima kilishuka kukutazama. Ulitoka na wenzako, ukafika mstarini, ukavua jezi ukamkabidhi Komba aliyekuwa amesimama na watazamaji. Meneja akapiga kelele kwamba mtu asithubutu kuivaa. Komba hakuivaa. Alibaki ameishika kwa mikono miwili, na wewe umekaa chini kifua wazi.

Walifungwa. Kesho yake Komba alifukuzwa. Na lori hatukuliona.

Uliporudi nyumbani baba alikuuliza neno moja tu: "Nani alikutuma uwe mwema kwa gharama ya mabomba yetu?"

Ikabidi tuyapandishe mabegani. Bomba moja la chuma linataka watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakuna aliyekubali kuwa mwenzako. Mama ndiye aliyejifunga kanga kiunoni akasema, "Mimi nitabeba na mwanangu." Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona ya juu ya korongo mama aliteleza, bomba likamvuta, nyonga ikavunjika. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali Gonja, nikabaki kumuuguza. Niliporudi, chumba chako kilikuwa kitupu. Baba alikuwa amekwambia uondoke.

Haya uliyaona kwa macho yako. Ambalo hulijui ni hili. Watu walisema uliliachia bomba kwa uzembe. Mama alipopata nguvu za kusema alimwambia baba, mbele yangu, "Aliliachia ili anikamate mimi. Asingeliachia, mngenizika." Baba alisikiliza, akatoka nje. Maji yalipofika kijijini aliyanywa mpaka siku ya kufa kwake, na jina lako hakulitaja tena.

Mimi je? Nitakuwa mkweli. Nilipomwona mama akijikongoja na fimbo, zipo siku nilikuchukia. Nikamchukia na Komba, mtu ambaye hakuwa ameomba chochote. Mwaka uliofuata shamba liliuzwa, kambi ikabaki magofu, wakataji waliotoka Songea na Kigoma wakatawanyika, na hakuna ajuaye Komba aliishia wapi. Najiuliza ulimwokoa na nini. Halafu nakukumbuka pale chini kifua wazi, na mimi mwenyewe sioni ungefanya nini kingine. Mpaka leo mambo hayo mawili hayajapatana moyoni mwangu, na sasa nimekuwa mzee.

Mama alipokaribia kufa aliniuliza kama ulifika kwenu salama. Nikamwambia ulifika. Akafumba macho, ametulia. Ukweli ni kwamba sikujua, na sijui hata sasa. Kama haya yamekufikia, nipe japo neno moja, ili lile nililomwambia mama liwe kweli.

Ni mimi dada yako wa Vudee,
Nakijwa