Kwa Nini Sikuzijibu Picha za Maporomoko

Mjukuu wangu Sumaiya,

Assalamu alaykum. Sote hapa Maskati hatujambo; mama yako amepaka nyumba rangi upya, nayo bado inanuka.

Umeniuliza kwa nini sikuzijibu picha ulizonitumia kutoka mji wa Luang Prabang, za mahekalu ya kale na maporomoko ya maji. Nna wivu, mjukuu wangu.

Nilipokuwa chuo kikuu, wenzangu walipanga safari ya maporomoko. Baba aliniruhusu kwa sharti nifuatane na maharimu, yaani ndugu wa kiume asiyeweza kunioa, akamteua kaka yangu Khalfan. Asubuhi ya safari mama akaugua. Mimi nikabaki kumuuguza. Khalfan, aliyeteuliwa kunisindikiza, akenda peke yake.

Aliporudi alinituliza: "Maji tu yale, Zuwena."

"Maji tu, mbona umerudi unaimba?"

Nilidhani umri ungeuzima wivu ule. Labda umri huuchochea, sina hakika.

Jana nilimwomba baba yako anipeleke kutengeneza pasipoti. Akacheka. "Mama, na magoti hayo?"

Nikamjibu, "Magoti na yaje nyuma. Mimi natangulia."

Basi usiondoke huko kabla sijafika.

Bibi yako,
Zuwena