Bega Langu na Ndevu za Baba

Kinyozini, mlango wa kijani,
Nyuma ya soko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Kazi inaendaje, na kile kikohozi chako kimekuacha, au mmeshazoeana? Sisi tu wazima, kasoro bega langu. Naandika nimesimama, maana nikikaa linavuta, nikilala linachoma, na nikitembeatembea wifi yako anasema nitamtobolea sakafu.

Usianze kunigombeza. Hospitali nimekwenda. Daktari alinibonyeza mpaka nikamwita mama. Akasema ni misuli, imechoshwa na miaka ya kuinua mkono juu ya vichwa vya watu, na maumivu haya huenda yasiishe, yatatulizwa tu. Akanipa vidonge vya kulegeza misuli: kimoja, usiku, baada ya chakula. Na mazoezi ya shingo, ambayo nikiyafanya watoto wanacheka hadi wanakaa chini.

Mimi nikajifanya mjuaji. Maumivu yananikuta kazini, kwa nini nimeze wakati wa kulala? Nikameza asubuhi. Loo! Bega lilitulia kweli, lakini kichwa nacho kikaenda likizo. Nikafyeka nusu ya masharubu ya mwalimu wa hesabu. Akajitazama kwenye kioo, akashusha pumzi: "Haya, malizia na upande wa pili." Wateja wakacheka. Mimi jasho lilinitoka, Dada, maana ule ulikuwa wembe, na chini ya masharubu kuna shingo.

Tangu hapo nameza usiku kama nilivyoambiwa, na usingizi napata. Ila ikifika alasiri bega linaamka upya na mkono unaanza kutetemeka. Mashine si neno. Wembe ndio unanitisha, na bila wembe mimi ni kinyozi gani?

Jana alasiri akaja Baba. Unamjua, ndevu zake hazijaguswa na mtu mwingine tangu nijifunze kazi. Nikataka kumdanganya kwamba wembe umekwisha makali. Yeye kashaketi, kainua kidevu, kafumba macho. Nilipofika kooni mkono ukagoma. Hakufumbua macho. Alitoa mkono wake chini ya shuka, akanishika kiwiko, akakibeba kwenye kiganja mpaka nikamaliza. "Taratibu," alisema, "sina safari."

Alipoondoka nililia kule chumba cha nyuma, sikufichi.

Alhamisi narudi kwa daktari nimwulize kama dawa inaweza kupangwa vingine. Usiniambie niache vidonge, wala usiniambie niongeze. Niombee tu, maana kazi nyingine siijui.

Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wanamsalimu shangazi yao na wanauliza unakuja lini. Baba naye anakusalimu; kasema kesho alasiri atakuja tena kinyozini. Nimemwambia ndevu zake zitakuwa bado hazijaota. Kanijibu ndevu zake anazijua mwenyewe.

Mungu akutunze, na mikono yako akutunzie.

Ndugu yako akupendaye daima,
Kinyozi