Shore Wawili Niliowaandika Mmoja

Jumanne jioni, Kiseke. Joto limebana tangu asubuhi, mvua inatishia na hainyeshi. Ziwa limetulia mno. Silipendi likitulia hivi.

Nina jambo la kuungama.

Kazi yangu ni kutambua ndege kabla ardhi haijajengwa. Mwaka jana nilipewa msitu mdogo wa ufukweni, ambao wenyeji hawakati hata kuni humo kwa sababu ya makaburi ya wazee wao. Mna shore wa msituni, ndege wa jenasi moja yenye spishi nyingi, zote za kijani kilichofifia. Kwa macho utawachanganya. Inabidi uwategee sikio alfajiri, maana kila spishi ina mlio wake.

Mimi nilifika saa nne. Nilikuwa nimelala tu, sina kisingizio. Ndege walishanyamaza. Niliowanasa wavuni nikawaandika wote spishi moja, ile ya kawaida.

Bibi Nyangeta, anayetunza makaburi yale, aliniambia palepale, "Mjukuu wangu, hao ni wawili. Wa juu anaimba, wa chini analalamika." Nikatabasamu. Nilijiona msomi, nikatia saini ripoti kwamba hamna ndege adimu.

Jana akanipigia simu. "Wameshapaka miti rangi nyekundu, ikatwe. Wanasema wewe uliandika hapa hamna kitu."

Leo nimedamka, nimeenda, nimesikiliza. Ni wawili kweli. Yule wa chini, kitabu changu kinamtaja kwenye misitu ya Kagera tu.



Kulipokucha, dereva wa katapila akawasha mashine kuijaribu. Shore wa juu wakarukia miti ya jirani. Wa chini wakanyamaza, wala hawakutoka. Ndege wa namna ile havuki uwanja mtupu. Msitu ukifyekwa, naye kwisha. Bibi hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekunywa chai, na hilo limeniuma kuliko tusi.

Mchana nimempelekea mkuu wangu barua ya kuikana ripoti yangu. Ameisoma amesimama. "Utatuharibia wote," akasema, akaifungia kwenye droo.

Nimebaki na nakala. Katapila linaingia kesho saa mbili. Ofisi ya wilaya inafunguliwa saa moja na nusu, nami nitakuwa mlangoni, jina lichafuke likichafuka.

Naogopa.

Saini yangu moja ilitosha kuuhukumu msitu ule. Je, itatosha kuuokoa?