Posa Niliyoitoa Nimesimama

Lizaboni, Songea

Mwanangu Remigi,

Anayekuandikia ni baba yako mdogo, mtu ambaye mji huu posa haipiti bila mdomo wake. Natumaini huko Njombe u mzima na baridi haijakuzidi. Sisi tunapumua, na mahindi yamebeba. Habari uliyosikia, kwamba nilikuharibia kwa Aurelia, ni ya kweli, ila haikuishia hapo.

Kule Mshangano, nilipokwenda kukuposea, nilikataa kiti. Mzee Amedeus, baba yake binti, alinikaribisha mara tatu, mimi wima kama mgambo wa soko. Akauliza tangu lini mtu anaposa amesimama, au ukoo wetu unawaona wao uchafu. Nikamjibu wasemaji wakubwa hawakai. Akasema basi mkubwa arudi kwao, na binti yake asitajwe tena.

Mwanangu, haikuwa dharau. Ilikuwa bawasiri. Miezi mitatu naona damu chooni, uvimbe unawaka kama nimekalia pilipili, nami kimya, nikidhani nimerogwa na wanaoonea wivu ufasaha wangu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikajikaza kwenda hospitali. Mabenchi matupu, ila watu wawili tumesimama ukutani: mimi na Mzee Amedeus. Akashusha sauti, akauliza kama na mimi ni huko huko. Nikakiri. Kumbe siku ile ya posa mwenzangu alikuwa amekalia mito miwili! Tulicheka huku tumeshika ukuta, maana hata kucheka kunauma. Kabla hatujaitwa ndani, akaniambia tupange siku ya harusi.

Daktari, binti anayeitwa Nasrin, alinipima bila kunicheka. Alisema hakuna uchawi hapo, ni mishipa imevimba kwa kujikamua choo kigumu. Na damu si ya kukisia, lazima mtu apimwe. Kaniagiza maji mengi, dona badala ya sembe, mboga, mapapai, haja ikiita niitike palepale, na nisikae chooni na simu nikisikiliza mpira. Kisha nikalie maji ya uvuguvugu kila siku. Wiki ya pili hii, damu imekata. Nawe ukiona dalili usijifanye shujaa kama mimi.

Wote hapa wanakusalimu. Mama yako mdogo Esteria pia, ila amenuna: anataka kujaribu maandazi ya harusi yako, na beseni lake la kukandia unga halionekani. Akikupigia simu, sema hujui lilipo. Nimelikalia mimi, na barua hii yote nimeiandikia humo.

Baba yako mdogo,
Raphael Mapunda